Siri uliyoilipia si lazima uifiche

Mwaka 1753, matabibu wawili wa Amsterdam, Jacob de Visscher na Hugo van de Poll, waliinunua siri kwa nia moja tu: kuichapisha. Ilikuwa siri ya tabibu Roger van Roonhuysen ya kumsaidia mama ambaye mtoto wake amekwama njiani, na kwa miongo kadhaa wachache walioijua walikuwa wakiirithishana kwa fedha. Ilipoanikwa, kumbe ni kipande bapa cha chuma, kimepinda kidogo, cha kusogezea kichwa cha mtoto. Huko Uingereza, ukoo wa Chamberlen nao ulizificha koleo za kuzalishia kwa zaidi ya miaka 100, huku akina mama wakiendelea kufa kwa uchungu pingamizi. Sioni ni kwa haki gani matabibu wale wawili wangeambiwa wafunge midomo.

Leo siri huuzwa kwa PDF. Unatumiwa tangazo kwenye WhatsApp, unalipa kwa simu, kisha ukurasa wa kwanza unakuonya usimwambie mtu. Mchumi Kenneth Arrow alilieleza tatizo hili mwaka 1962: mnunuzi hawezi kujua thamani ya taarifa mpaka aione, na akishaiona hana tena sababu ya kuilipia. Ndiyo maana unauziwa mbuzi kwenye gunia. Kitenge utakishika, embe utalibonyeza, lakini mbinu ya forex au ya kuchanganya chakula cha kuku utaikagua wapi, kama si kwa aliyekutangulia kununua? Akinyamaza huyo, anayenufaika zaidi ni muuzaji ambaye gunia lake ni tupu.

Watasema mwandishi wa PDF hiyo ametoka jasho, naye ana haki ya kula. Kweli, ila sheria ilishatenganisha maandishi yake na wazo lililomo. Mkataba wa TRIPS, ambao Tanzania na Kenya zinaufuata kama wanachama wa Shirika la Biashara Duniani, unasema hakimiliki hulinda namna wazo lilivyoelezwa, si wazo lenyewe wala mbinu. Kulirusha lile faili zima kwenye kundi la ukoo ni wizi, hata ukiweka na emoji ya kuomba radhi. Kumweleza jirani kwa maneno yako kwamba siri yenyewe ni dagaa, pumba na mashudu, huo si wizi. Ugumu uko kwenye ahadi. Aliyekubali masharti kabla ya kulipa amefungwa na neno lake, isipokuwa anachokificha ni utapeli au kinahatarisha watu. Aliyekutana na onyo baada ya fedha kuondoka hakuahidi chochote. Wanamazingaombwe ningewaacha na siri zao, maana hapo mtazamaji amelipa ili asijue. Lakini anayefundisha kazi ya kweli ana kingine cha kuuza: kujibu maswali, kusahihisha makosa, kuja bandani kuangalia kwa nini kuku hawatagi. Hayo hayasambai kwa kusimuliana.