Wimbi Lililotoka Mbali

Mtu wa bara afikapo pwani kwa mara ya kwanza hudhani kwamba upepo na wimbi ni kama bwana na mtumishi wake: upepo ukivuma wimbi huinuka, upepo ukitulia wimbi hulala. Mvuvi wa Malindi au wa Lamu hatamkatalia, kwani mara nyingi ndivyo ilivyo. Lakini ziko siku ambazo anga ni nyeupe, makuti ya minazi hayatikisiki, na hata hivyo nje ya mwamba maji huinuka polepole kama mgongo wa ng'ombe, kisha hupasuka kwa kishindo. Siku kama hizo ni za hatari, kwa kuwa nahodha huweza kuitazama anga akaridhika, asijiulize wimbi lile lilizaliwa wapi.

Upepo hauwezi kuinua wimbi kubwa kwa ukali wake peke yake. Hutaka mambo matatu pamoja: uvume kwa nguvu, uvume kwa muda mrefu, tena upate uwanja mpana wa maji usio na nchi ya kuuzuia. Dhoruba ya Ziwa Viktoria yaweza kuwa kali kuliko upepo wa baharini, na mtumbwi waweza kuzama ndani yake. Lakini uwanja wake ni mdogo, basi wimbi lake huwa fupi na hutulia upesi. Kadhalika ifahamike kwamba maji yenyewe hayasafiri pamoja na wimbi. Mkulima aliyepata kuliona shamba la ngano la Njoro likipigwa na upepo anajua habari hii: mawimbi hupita shamba zima toka ukingo hata ukingo, na kila bua hubaki pale pale lilipopandwa.

Katika pwani ya Kenya, upepo ulio na mambo hayo matatu ni kusi. Huanza mwezi wa Aprili, hukaza Juni hadi Agosti, na sababu yake iko mbali. Katika miezi hiyo jua hupiga sana nchi za Bara Hindi na Arabuni. Hewa yake hupata moto na kupanda juu, na hewa ya baridi kutoka bahari za kusini hukimbilia kujaza nafasi. Ikivuka Ikweta, mzunguko wa dunia huipinda kuelekea kulia, na nyanda za juu za Afrika ya Mashariki huizuia upande wa magharibi kama ukuta, hata ikabanwa na kwenda kasi. Mwaka 1966 mtaalamu wa hali ya hewa aitwaye J. Findlater alichapisha habari za mkondo huo wa hewa unaovuka Ikweta juu ya nchi ya Kenya yenyewe. Wakati huo wavuvi wengi wenye vyombo vidogo hubaki ndani ya mwamba.

Kaskazi, upepo wa Desemba hadi Machi, ni mpole zaidi, nao ndio uliowaleta wenye majahazi kutoka Arabuni kwa karne nyingi. Kusi ikawarudisha kwao. Walakini kaskazi nayo ina hila yake. Katika sehemu za kusini za pwani yetu mkondo wa bahari huelekea kaskazini, basi upepo na mkondo hukutana uso kwa uso, na wimbi, ijapokuwa ni dogo, husimama wima na kuvunjika. Manahodha wa zamani waliyajua haya yote bila kufunguliwa kitabu.

Lakini lile wimbi la siku ya shwari si la kusi wala si la kaskazi. Huzaliwa katika dhoruba za kusini kabisa ya dunia, kuelekea nchi ya barafu, ambako upepo huvuma mwaka mzima juu ya bahari isiyo na bara la kuikata. Mwaka 1963 Walter Munk wa Marekani na wenzake waliweka vyombo vya kupimia katika vituo kutoka New Zealand hadi Alaska, wakayafuata mawimbi ya namna hiyo yakivuka Bahari ya Pasifiki yote. Waliona kwamba wimbi refu likiisha kutoka katika dhoruba hupoteza nguvu kidogo mno njiani.

Bahari ya Hindi ilionyesha jambo hilo mwezi wa Mei 2007. Dhoruba kubwa ilivuma kusini ya bara la Afrika. Tarehe 12 mawimbi yake yakapiga kisiwa cha Réunion na kuleta hasara. Siku tatu baadaye yakafika Maldivi, karibu na Ikweta, mwendo wa kilomita zaidi ya 3,000, yakapanda nchi kavu katika visiwa vingi na kuingia majumbani. Watu wa huko hawakuwa wameiona dhoruba yenyewe.

Mabadiliko ya joto la bahari nayo huugeuza upepo. Katika mwaka 1961, na tena 1997 na 2019, maji ya upande wa Afrika yalikuwa na joto kuliko kawaida, na pepo za Ikweta, ambazo mwishoni mwa mwaka hutoka magharibi, zilidhoofika au kugeuka. Wakulima wengi walizijua habari hizo kwa mafuriko: baada ya mvua za 1961 Ziwa Viktoria lilipanda zaidi ya mita 2 kufikia 1964.

Mvuvi aliye ufukoni ana njia rahisi ya kulitambua wimbi geni. Na ahesabu sekunde kutoka mvunjiko mmoja hadi wa pili. Zikiwa 5 au 6, wimbi ni la upepo wa karibu. Zikiwa 15 au zaidi, wimbi limetoka mbali. Tena mawimbi marefu huenda mbio kuliko mafupi, kwa hiyo hutangulia. Yale ya kwanza yaweza kuwa madogo, na makubwa yakafuata kesho yake. Bamvua ikiangukia siku hizo, maji hupita juu ya mwamba, na mlango uliokuwa salama asubuhi hufungwa na povu jioni. Na karibu na mdomo wa mto Sabaki, ambako matope na maji matamu hayakuruhusu mwamba kumea, wimbi hilo hufika mpaka mchangani bila kuvunjwa na kitu.