Bustani ya mvua shuleni: maji yazame, yasituame

Mimi ni mtu wa Mombasa niliyehamia Kisumu, na masika ya huku yamenithibitishia kwamba maji hufuata mkondo. Katika shule wanayosoma wanangu, mkondo ulipita mlangoni mwa darasa, ukazunguka vyooni, kisha ukateremka ziwani na uchafu wote.

Wazazi tukakubaliana kuchimba bustani ya mvua: shimo pana lisilo na kina kirefu, lenye mimea, linalopokea maji ya paa na kuyaacha yazame ardhini. Hesabu yake ni nyepesi. Paa la mita 20 kwa 7 likipata mvua ya milimita 30 humwaga lita 4,200. Bustani ya mita 7 kwa 3, yenye kina cha sentimita 20, huyapokea yote.

Mara ya kwanza tulikosea. Sehemu nyingi za Kisumu na uwanda wa Kano zina udongo mweusi wa mfinyanzi, unaofura ukilowa na kuzuia maji. Yetu yalituama siku tano. Mwalimu mkuu alikuja juu, na alikuwa na haki: kanda ya ziwa ndiyo inayoongoza nchini kwa malaria, na mbu huhitaji wiki moja hivi kutoka yai hadi kuruka. "Lifukieni," akasema.

Tukamwomba muhula mmoja. Tulitoa mfinyanzi, tukalaza chini bomba lililotobolewa linaloelekea mtaroni, tukamwaga kokoto, kisha mchanga uliochanganywa na mboji. Tukaacha pia njia ya maji ya ziada. Sasa hukauka ndani ya siku mbili.

Watoto walitaka mafunjo kama ya Dunga. Lakini mafunjo hupenda maji daima, na bustani hii hulowa leo, kesho ikakauka. Basi katikati tukapanda nyasi za kienyeji zinazostahimili hali zote mbili, ukingoni sesbania, na mbali kidogo mti ambao Wajaluo huuita siala. Mimea ya kigeni tuliikataa. Gugu maji, mgeni kutoka Amerika Kusini, limetufunza vya kutosha.

Ndugu zangu wa Pwani, nanyi mna shule zinazofurika. Kabla ya kuchimba, jaribuni: kishimo cha sentimita 30, mbali na ukuta kwa mita 3 au zaidi, kijazeni maji. Yakiwa bado yapo kesho yake, shughulikieni udongo kwanza. Sisi tulianza na jembe, tukachimba mara mbili.