Kiwanja cha ukumbusho wa basoda wetu

Siku ya Mungu iliyopita tulikaa na wazee chini ya muti wa maembe, hapa Lubumbashi, kuongea juu ya jiwe la ukumbusho wa basoda wa zamani wa Force Publique: wale walioingia Tabora tarehe 19 Septemba 1916, na wale walioshinda Waitalia kule Saio, Ethiopia, mwaka 1941. Jiwe si shida. Shida ni kiwanja.

Vijana wanasema: ile nafasi karibu na soko iko bure, tuanze kujenga. Hapana! Tangu sheria ya tarehe 20 Julai 1973, udongo wote ni wa Leta, na nafasi iliyowekwa kwa matumizi ya watu wote haiuzwi. Mtu akija na karatasi ya kuwauzishia, musimupe hata franka moja. Tuombe ruhusa kwa maandishi, nafasi ibakie ya wote.

Wachimbaji wenzetu wanataka kutoa kibao cha shaba. Wazo zuri, lakini shaba ikilala inje, nani atailinda? Majina yachongwe ndani ya jiwe.

Na majina ya nani? Mama mumoja mzee akatuuliza: "Nkambo yangu alibeba masanduku ya risasi, bunduki hakupewa. Naye mutamuandika?"

Watu wote kimya. Wapagazi wa vita ile walizidi basoda mara nyingi, na wengi walikufa njiani kwa magonjwa. Sisi tunaona waandikwe wa kwanza. Nyumba yenye jina la mupagazi ilete siku ya Mungu inayokuja, saa nane, pale pale kwenye maembe.