Barua kwa Lou Sullivan: filamu fupi na mapenzi ambayo madaktari hawakuyaamini

Katika mkanda wa video wa zamani, mwanamume mwembamba ameketi akijibu maswali ya daktari. Anaongea taratibu, bila haraka wala haya. Ni Lou Sullivan, mzaliwa wa Milwaukee, Marekani, mwaka 1951. Alipozaliwa aliandikwa msichana. Alipokua alijijua kuwa mwanamume. Anayemhoji ni Ira Pauly, daktari wa magonjwa ya akili, na mahojiano yao yalirekodiwa kati ya mwaka 1988 na 1990. Sullivan alikuwa tayari anaugua UKIMWI. Alifariki Machi 1991 akiwa na umri wa miaka 39.

Mwaka 2014 Rhys Ernst, mtengenezaji filamu ambaye naye ni mwanamume transjenda, alimrudia Sullivan kupitia kumbukumbu za aina hiyo na kutengeneza filamu fupi ya dakika chache. Aliiita Dear Lou Sullivan. Jina hilo ni mwanzo wa barua: Mpendwa Lou Sullivan. Kijana anamwandikia mzee wake aliyefariki zamani.

Tuelewane kwanza kuhusu maneno. Mwanamume transjenda ni mtu aliyeandikwa mwanamke wakati wa kuzaliwa lakini ambaye ni mwanamume kwa utambulisho wake. Wapo wanaotumia homoni ya testosteroni, wapo wanaofanyiwa upasuaji, na wapo wasiofanya lolote kati ya hayo. Kama wanaume wengine, wapo wanaopenda wanawake, wapo wanaopenda wanaume, na wapo wanaopenda wote.

Hapo ndipo swali linapozuka: kama alitaka mwanamume, mbona asingebaki mwanamke tu? Swali hili lina mizizi hata katika vitenzi vyetu. Kwa Kiswahili mwanamume huoa, mwanamke huolewa. Lugha imekwisha kugawa majukumu kabla wapenzi hawajaonana. Tukisikia wanaume wawili wanapendana, mara moja tunamtafuta “anayeolewa”. Na tukiambiwa mmoja wao alizaliwa na mwili wa kike, tunadhani tumempata.

Madaktari wa Marekani walifikiri vivyo hivyo. Katika miaka ya 1970, kliniki zilizotoa matibabu ya kubadili jinsia zilitarajia kwamba mgonjwa akishakuwa mwanamume atapenda wanawake. Sullivan alikataa kudanganya. Aliwaambia wazi kwamba anapenda wanaume na anataka kuishi hivyo, kama mwanamume. Kliniki ya Chuo Kikuu cha Stanford ikamkataa. Akatafuta madaktari wengine, akaanza testosteroni mwaka 1979, na mwaka uliofuata akafanyiwa upasuaji wa kifua. Nguvu zilizobaki alizitumia kuwashawishi wataalamu wafungue fundo walilolifunga wenyewe. Mimi ni nani? Nampenda nani? Haya ni maswali mawili, na jibu la moja halikupi jibu la jingine.

Sinema nayo ilichelewa kulielewa hilo. Filamu iliyompeleka mwanamume transjenda mbele ya watazamaji wa dunia nzima ni Boys Don't Cry ya mwaka 1999, inayomhusu Brandon Teena, aliyeuawa Nebraska mwaka 1993. Brandon alipenda wanawake, na hadithi yake inaishia kwenye mauti. Mwaka 2011 Sabine Bernardi wa Ujerumani alitoa Romeos, filamu ndefu kuhusu Lukas, kijana transjenda mjini Köln anayempenda kijana mwenzake, Fabio. Ilikuwa hatua kubwa, ingawa Lukas aliigizwa na mtu asiye transjenda.

Mwaka 2015 ikaja filamu fupi ya Kiingereza, Brace, iliyoongozwa na Alicya Eyo na Sophy Holland. Aliyeiandika ni Jake Graf, mwanamume transjenda, na yeye mwenyewe anaigiza kama Adam. Adam anakutana na Rocky katika maisha ya usiku ya London, na mapenzi yao yanakua huku siri ikikaa katikati yao. Jina la filamu lina maana ya kujikaza kabla ya kishindo, na kujikaza huko ndiko kiini chake.

Ili kuona tofauti kati ya filamu kama hii na zilizoitangulia, tazama kamera inasimama upande wa nani. Kwa miaka mingi filamu zilitumia mbinu moja: mwili wa transjenda unafichwa, kisha unafunuliwa ghafla ili mtazamaji ashtuke. Mfano unaofahamika zaidi ni The Crying Game ya mwaka 1992, ambamo anayefunuliwa ni mwanamke. Katika mbinu hiyo kamera iko upande wa anayeshtuka, na mwenye mwili anageuka kuwa fumbo. Akiandika mtu aliyewahi kusimama mahali pale, mizani hubadilika. Tunakaa naye katika zile sekunde kabla ya kusema: mkono uko kwenye kifungo cha shati, mpenzi anasubiri, na yeye anapima kama huyu aliye mbele yake atabaki au ataondoka. Hofu ni yake, na matumaini ni yake pia. Mtazamaji hashtuki tena. Anaomba kimoyomoyo mpenzi yule abaki.

Kwa kazi kama hii, ufupi ni nyenzo. Filamu ya saa mbili hujiona ina deni la kueleza kila kitu: utoto, machozi ya mama, hospitali, makovu. Filamu ya dakika kumi haina nafasi hiyo. Inaanzia mlangoni, watu wawili wakiwa wamekwisha kutamaniana, na kwa kukosa muda wa kujitetea inamchukulia mwanamume kuwa mwanamume. Tena ni rahisi kuigharamia: marafiki wachache, chumba kimoja, kamera ya kuazima.

Wasomaji wa Afrika Mashariki wanaijua njia hiyo. Stories of Our Lives, iliyotengenezwa Nairobi na kundi la Nest chini ya uongozaji wa Jim Chuchu mwaka 2014, ni filamu fupi tano zilizounganishwa, kutokana na simulizi za Wakenya wapenzi wa jinsia moja. Kenya ikaipiga marufuku. Mwaka 2015 tamasha la Berlin likaipa tuzo ya Teddy ya majaji.

Kwa anayetafsiri filamu hizi kwa Kiswahili upo mtego mmoja. Kiingereza humjeruhi mwanamume transjenda kwa neno dogo tu, kumwita kwa kiwakilishi cha kike. “Yeye” yetu haina jinsia, hivyo tusi lile linapita chini ya skrini bila kuumiza mtu. Mfasiri makini atalirudisha kwa “dada”, “binti” au “bibie”, ili mtazamaji aone kwa nini uso wa mhusika umebadilika. Lakini katika mandhari ya mapenzi neema hugeukia upande wetu. “Mpenzi wangu” haiulizi cheti cha kuzaliwa cha mtu, na “nakupenda” husemwa vilevile na yeyote kwa yeyote.

Vyeti navyo vina kisa chake. Christopher Lee, mwanamume transjenda na mtengenezaji filamu, alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa tamasha la filamu za transjenda la San Francisco mwaka 1997. Alipofariki mwaka 2012, cheti chake cha kifo kilimwandika mwanamke. Rafiki zake walipigania jambo hilo hadi California ikatunga sheria, iliyosainiwa mwaka 2014, inayotaka marehemu aandikwe kwa jinsia aliyoishi nayo. Huyu alikuwa mtu aliyetumia maisha yake kuwasimulia wenzake kwenye skrini, na bado karani aliweza kumfuta kwa neno moja.

Ndiyo maana narudi kwa ile barua. Sullivan mwenyewe alikuwa mwandishi wa barua. Alianzisha kundi la wanaume transjenda San Francisco mwaka 1986, na kwa miaka mingi aliwajibu wanaume kutoka mbali waliodhani wako peke yao duniani, akiwaeleza kuhusu madaktari, mavazi, dawa na mapenzi. Nyingi ya barua hizo zilisomwa na mtu mmoja, chumbani, mlango umefungwa. Miaka 23 baada ya kifo chake, Ernst alimwandikia moja mbele ya watu, taa zikiwa zimezimwa na ukumbi mzima ukisoma pamoja naye.