"Kredo" ilitoka wapi?

Kredo ikiisha usiku, unabonyeza namba kadhaa, unakopeshwa, unaendelea kupiga simu. Neno hilo tumelitoa kwa "credit" la Kiingereza, ila Kiingereza nacho kililikopa. Kililichukua kwa Wafaransa katika karne ya 16, Wafaransa walikuwa wamelipata kwa Waitaliano, na mzizi wake uko kwenye Kilatini: "credere", yaani kuamini. "Creditum" ni kile ulichompa mtu ukiamini atakirudisha.

Cha kuchekesha ni kwamba sisi Wakenya tulilifupisha tu, tukajikuta Roma. Kwa Kilatini "credo" ni "naamini", na ndilo neno linaloanza sala ambayo Wakatoliki huku kwetu huiita Nasadiki. Hata Kiswahili kina undugu kama huo: "amana" na "amini" zote zimetoka mzizi mmoja wa Kiarabu.

Sasa, muuza duka wa mtaani anakuamini kwa sababu anakujua. Anayekukopesha pesa kwa simu hajawahi kukuona. Anaamini rekodi yako. Usipolipa mkopo, jina lako linaweza kupelekwa CRB, na hata ukishalipa, historia hiyo inaweza kubaki hapo miaka 5.

Sheria inakupa ripoti moja ya CRB bure kila mwaka. Iitishe, uisome polepole. Ukikuta deni ulilomaliza kulipa bado linaonyeshwa kama halijalipwa, una haki ya kulipinga, na CRB lazima ilichunguze.