Jaaluni, kwa Choroa Weupe

Kutoka Muscat hadi Haima ni zaidi ya kilomita 500, na uzuri wote wa njia hiyo umerundikwa mwanzoni. Barabara inapenya milima ya Hajar, miamba mitupu isiyoota hata nyasi, na chini yake mabonde ya mitende yanayonyweshwa kwa mifereji ya tangu enzi na enzi. Unaipita Nizwa na ngome yake ya mviringo, halafu unafika Adam, mji mdogo uliokaa ukingoni mwa jangwa. Hapo mwenyeji wangu alipunguza mwendo. "Unapaona hapa? Ndipo alipotoka Ahmad bin Said. Masultani wa Unguja wote shina lao hili."

Yeye mwenyewe amezaliwa Muscat, lakini mama yake ni mtoto wa Ng'ambo, Unguja. Ukoo wao ulirudi Oman baada ya 1970, Sultani Qaboos alipotwaa utawala na kuwaita Waomani waliotawanyika waje kuijenga nchi. Kiswahili wakaja nacho, na mpaka leo nyumbani kwao ndicho kinachosemwa jikoni, kwenye mandazi na mchuzi wa nazi. Kiarabu ni cha ofisini. Ndiyo maana safari nzima sikuhitaji mkalimani wa kukodi.

Baada ya Adam nchi inalala chali. Hakuna kilima, hakuna mti, hakuna hata kichuguu. Changarawe ya rangi ya ngano imetandazwa mpaka mbingu inapogusa ardhi. Wenzetu wengi wakisikia jangwa hufikiria vilima vya mchanga, lakini sehemu kubwa ya jangwa la Oman ni hii changarawe. Unachokutana nacho ni malori ya visima vya mafuta, ngamia wanaovuka barabara wanapotaka, na kila baada ya mwendo mrefu kituo cha petroli chenye mgahawa wa Wahindi, ambako utapata chapati ya mayai na chai ya maziwa yenye iliki kwa baisa chache tu. "Niongeleshe, ndugu yangu, usinilalie," mwenyeji wangu aliniambia mara tatu au nne. "Njia hii huua watu kwa usingizi."

Haima tulilala tu. Ni mji wa njia panda.

Kesho yake tulitoka kabla ya jua, na hapo ndipo nilipoona jambo ambalo sikulitarajia jangwani: mwenyeji wangu aliwasha waipa. Ukungu ulikuwa umetoka bahari ya Arabuni usiku, ukaifunika nyika yote, na matone yakawa yanateleza kwenye kioo kama tuko Limuru. Uwanda huu unaitwa Jiddat al-Harasis, na ukungu huo ndio mvua yake. Migunga inaishi kwa ukungu, nyasi zinaishi kwa ukungu, na mnyama tuliyemfuata anaweza kukaa muda mrefu bila kuona kisima, kwa kula majani yaliyolowa.

Mnyama huyo ni choroa wa Arabuni. Waarabu humwita maha, na jina hilo huwapa binti zao kwa ajili ya uzuri wa macho yake. Kwetu Kenya choroa tunamjua, yule mkubwa wa rangi ya kijivu anayetembea Samburu na Isiolo. Wa huku ni mdogo zaidi, na ni mweupe. Tulipofika Jaaluni, kwenye kambi ya hifadhi, askari wa wanyamapori alituonyesha kwa kidole, na mimi sikuona kitu. Kisha nikaona pembe, jozi za pembe nyembamba zilizonyooka zikielea katika ukungu. Halafu miguu myeusi chini yake. Mwili wenyewe, kwa weupe wake, ulikuja mwisho. Walikuwa saba. Mmoja alikuwa akiparua ardhi chini ya mgunga kwa kwato, taratibu, kama mtu anayetandika mkeka. Askari akaeleza kwamba huchimba kishimo ili alale kwenye udongo wa baridi jua likipanda.

Mnyama huyu alikwisha kabisa porini. Wawindaji wenye magari na bunduki walimfuata mpaka wa mwisho akaangukia hapa hapa Jiddat mwaka 1972. Kilichomwokoa ni mpango ulioanza miaka kumi kabla, na hapa Mkenya asome polepole. Mwaka 1962 Ian Grimwood, aliyekuwa mkuu wa wanyamapori wa Kenya, aliongoza msafara kwenda Aden ya mashariki, Yemen ya leo, kuwakamata wachache waliobaki. Walionusurika walikuwa watatu. Walipelekwa kwanza Isiolo, wakatunzwa huko, kisha mwaka 1963 wakasafirishwa hadi bustani ya wanyama ya Phoenix, Marekani, kwa kuwa Arizona nayo ni nchi kavu. Pamoja na wengine kutoka London, Kuwait na Saudia, kundi la kuzalia lilikuwa na wanyama tisa tu.

Kutoka kundi hilo, wa kwanza waliletwa Oman mwaka 1980, na Januari 1982 wakafunguliwa wazi. Waliowalinda ni Waharasi wenyewe, wafugaji wa ngamia na mbuzi wenye lugha yao isiyo Kiarabu. Kufikia 1996 choroa walikuwa kama 450. Kisha majangili wakaingia, wakawateka wakiwa hai kwa ajili ya matajiri wa nje, na kufikia 2007 walibaki 65. Mwaka huo serikali ilipunguza hifadhi kwa asilimia 90 ili mafuta yatafutwe, na UNESCO ikaifuta katika orodha ya Urithi wa Dunia. Ilikuwa ya kwanza duniani kufutwa. Iliniuma kulisikia hilo nikiwa nimesimama palepale. Leo wanyama wako ndani ya seng'enge ndefu na wamezaana tena kwa mamia, na mimi sina neno baya juu ya seng'enge hiyo, ila ardhi ile iliyokatwa ilikuwa yao.

Nilimwomba mwenyeji wangu amweleze askari habari ya Isiolo. Alieleza kwa Kiarabu, kirefu, mikono ikionyesha bahari na ndege. Yule askari alinyamaza, akawageukia wale saba, akamwambia mwenzake kitu kwa Kiharasi. Kisha akaniuliza kupitia mwenyeji wangu, kwa uso wa mtu anayetaka kujua kweli: huko Isiolo, asubuhi, kuna ukungu?