Lebo za Redio na Mali za Nyumbani

Katika kila nyumba kuna mali nyingi: majembe, masanduku, vyombo, vitabu, nguo na funguo. Kitu kikipotea, watu huuliza maswali mawili. Swali la kwanza ni, "Kiko wapi?" Kikipatikana, huulizwa swali la pili, "Je, ni chetu kweli?"

Tangu zamani watu wametia mali zao alama ili wapate kuyajibu maswali hayo. Mfugaji huwapiga ng'ombe wake chapa kwa chuma cha moto. Fundi huchonga herufi za jina lake katika mpini wa nyundo. Alama hizo zinafaa, lakini ni lazima uzione kwa macho. Jembe likiwa nyuma ya magunia, alama yake haionekani.

Siku hizi iko alama inayosomwa kwa mawimbi ya redio. Alama hiyo huitwa lebo ya redio. Katika somo hili utajifunza jinsi inavyofanya kazi, na pia mambo isiyoweza kuyafanya.

Sehemu za lebo

Lebo ya redio ya kawaida ni nyembamba, nayo huweza kubandikwa ndani ya jalada la kitabu. Ina sehemu mbili kuu. Ya kwanza ni chipu, yaani kipande cha silikoni kilicho kidogo kuliko punje ya mchele. Ndani ya chipu imehifadhiwa namba. Ya pili ni antena, yaani utepe mwembamba wa shaba au alumini unaopokea mawimbi. Lebo ya namna hii haina betri.

Je, isiyo na betri hupata wapi nguvu? Hupata kutoka katika chombo cha kusomea. Chombo hicho hutoa mawimbi ya redio. Mawimbi yanapofika kwenye antena, huzaa umeme kidogo sana. Umeme huo huiamsha chipu. Kisha chipu hubadilisha upesi upesi namna antena inavyopokea na kurudisha nguvu ya mawimbi. Chombo huyatambua mabadiliko hayo na kuisoma namba.

Jaribio la 1

Vifaa: tochi na kioo kidogo cha kujitazamia.

Fanyeni jaribio hili wawili wawili katika chumba chenye giza. Mmoja ashike kioo, na mwingine akimulike kwa tochi mpaka mwanga uonekane ukutani. Msimulikane machoni. Sasa mwenye kioo akifunike kwa kiganja na kukifunua mara tatu. Mnaona nini ukutani?

Kioo hakina betri, lakini kimepeleka habari kwa kutumia mwanga wa tochi. Lebo ya redio hufanya kazi inayofanana na hiyo.

Wazo hili lilianzaje?

Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia (1939–1945), Waingereza waliweza kuzigundua kwa rada ndege zilizokuwa mbali. Lakini rada peke yake haikuonyesha kama ndege ni yao au ni ya adui. Basi waliweka katika ndege zao chombo kilichoyajibu mawimbi ya rada. Mwaka 1973, Mario Cardullo wa Marekani alipewa hati ya uvumbuzi wa lebo iliyoweza kuhifadhi habari. Leo lebo za redio hutumika katika maduka na maktaba. Nchini Tanzania, ng'ombe wamevalishwa heleni za kielektroniki zenye namba ya kuwatambulisha.

Umbali na vizuizi

Lebo nyingine zisizo na betri husomwa kwa umbali wa sentimeta chache tu. Nyingine husomwa kwa mita kadhaa. Ziko pia lebo zenye betri, ambazo hutuma mawimbi zenyewe. Watu huzitundika kwenye funguo au mkoba, na simu huyapokea mawimbi hayo. Betri ikiisha, lebo hunyamaza.

Mawimbi hupita katika karatasi, nguo na mbao kavu. Lakini madini huyazuia, na maji huyapunguza nguvu. Kwa hiyo ni vigumu kuisoma lebo iliyo ndani ya sanduku la bati.

Jaribio la 2

Vifaa: redio ndogo ya betri, chungu kikavu chenye kifuniko, na sufuria yenye kifuniko.

Fungua redio na utafute kituo kinachosikika vizuri. Iweke ndani ya chungu, ukifunike, usikilize. Kisha iweke ndani ya sufuria na uifunike vizuri. Je, matangazo yalijaa mikwaruzo au kukatika katika chombo kipi? Eleza kwa nini.

Lebo na daftari

Lebo haijui jina la jembe wala jina la mwenyewe. Inajua namba yake tu. Mwenye mali ndiye anayeandika, katika daftari au katika kompyuta, maneno kama haya:

Namba 17: jembe, mpini mpya, ghalani.
Namba 18: sanduku la nguo, chumbani.

Jembe likiazimwa na jirani, na daftari lisiandikwe, chombo cha kusomea hakitaweza kukuambia liko kwa nani. Wala lebo haimzuii mwizi, kwa maana aweza kuibandua. Basi, kazi ya lebo hukamilishwa na uangalifu wa watu.

Tahadhari

Lebo iliyowekwa katika mkoba huonyesha pia mahali alipo mwenye mkoba. Usimwekee mtu lebo kwa siri. Ukikuta kifaa usichokijua katika vitu vyako, mwonyeshe mzazi au mwalimu.

Maswali

1. Taja sehemu mbili kuu za lebo ya redio.
2. Lebo isiyo na betri hupata wapi nguvu?
3. Kwa nini lebo haifai kitu bila orodha ya mali?
4. Andika orodha ya vitu kumi vya nyumbani kwenu. Kipe kila kimoja namba, na uonyeshe mahali kinapowekwa. Baada ya juma moja, kagua: ni vingapi vipo mahali pake?